Naomba ushauri: Bengals waanze na safu inayomlinda Burrow, au na ulinzi?

Mtanga_Cincinnati

Wakuu, habari zenu. Nawaita wale tunaofuatilia mpira wa Kimarekani, hasa mliopo Ohio na majimbo ya jirani. Super Bowl imepita juzi tu, Februari 9, 2025, na sasa kila klabu inahesabu mapengo yake.

Mimi ni mtu wa Bengals, klabu ya hapa Cincinnati. Naishi hapa Cincinnati, na mimi na mashemeji zangu wawili huwa tunachanga tunalipia tiketi za msimu. Mwaka huu tumekwama. Shemeji mkubwa anasema hatoi pesa yake mpaka aone klabu imeleta watu wapya wa kumlinda Joe Burrow, kwotabeki wetu, yaani mrushaji wa pasi. Mdogo wake anasema safu ya mbele haina neno, kinachotuua ni ulinzi, wale wanaomzuia mpinzani asifunge, na pesa yote iende huko. Wote wawili wananisubiri niamue.

Hali yenyewe mnaijua. Msimu wa 2024 Burrow aliongoza ligi nzima kwa yadi 4,918 na pasi 43 za tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja). Ja'Marr Chase akaongoza kwa mipira aliyodaka, kwa yadi na kwa tachidauni, yote matatu. Trey Hendrickson akaongoza kwa kuwaangusha makwotabeki, mara 17 na nusu. Klabu yenye watu hao watatu ilishinda mechi 9 ikapigwa 8. Tulishinda tano za mwisho mfululizo na bado mchujo tukautazama kwenye televisheni.

Burrow aliangushwa mara 48. Mwaka 2021 ilikuwa 51, na kwenye mchujo wa msimu ule akaangushwa mara 19 nyingine. Goti lilikwenda mwaka 2020, kifundo cha mkono wa kurushia kikaumia 2023. Ana miaka 28. Moyo wangu uko kwenye safu ya mbele, ila nataka kusikia wenye macho makali. Mngekaa meza moja na Duke Tobin, anayesimamia usajili wa wachezaji wetu, mngemwambia aanzie wapi? Na tiketi, tulipie?

---

Nyati_wa_Columbus

Mkuu, nakuheshimu, lakini shemeji yako mdogo ana hoja.

Angalia mechi tulizopoteza. Tuliwafunga Washington 33, wakatufunga 38. Tuliwafunga Baltimore 38, wakatufunga 41 kwenye muda wa nyongeza. Tukarudiana nao, 35 kwa 34. Pittsburgh wakaja hapa hapa kwetu wakaondoka na 44 kwa 38. Timu inayofunga pointi 38 nyumbani inatakiwa ilale na ushindi. Ukizigeuza mbili tu kati ya hizo, tungekuwa kwenye mchujo na huu uzi usingekuwepo.

Halafu hiyo 48 isomwe vizuri. Burrow msimu huu alirusha mara 652, hakuna kwotabeki aliyerusha mara nyingi kuliko yeye. Mwaka 2021 alirusha mara 520 akaangushwa 51. Kwa kila mara anapotaka kurusha, yuko salama zaidi leo kuliko wakati ule. Na kwa nini anarusha mara zote hizo? Kwa sababu ulinzi unavuja, tunakimbizana na saa kuanzia robo ya pili, na mpinzani anajua pasi inakuja. Ziba ulinzi, utakuwa umemlinda Burrow pia.

Kocha wa ulinzi Lou Anarumo ameshaondolewa, Al Golden ameletwa kutoka Notre Dame. Kocha mpya apewe watu. Chaguo letu la drafti (zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni), namba 17, liende kwa mvamizi, yaani anayemkimbilia kwotabeki, au mlinzi wa nyuma. Sioni ubishi hapo.

---

Mama_Daniel

Habari zenu wanangu na wadogo zangu. Mimi niko Dayton. Mwanangu anacheza gadi wa kushoto shuleni kwao, yaani kati ya senta wa katikati na takeli wa pembeni, kwa hiyo jambo hili nimelifuatilia kwa muda, na kocha wao ni mtu anayeeleza vizuri sana kwa wazazi.

Mnaongelea "safu ya mbele" kama kitu kimoja. Ni watu watano, na hawalingani kwa shida. Takeli wako pembeni. Akishindwa takeli, mvamizi anakuja kwa kuzunguka, na kwotabeki mwenye akili anapiga hatua moja mbele, yule mtu anapita nyuma yake. Burrow anaifanya hatua hiyo vizuri kuliko wengi. Lakini akishindwa gadi, mvamizi anatokea usoni. Hakuna pa kusogea, mguu wa mbele haupati pa kukanyaga, na macho yanaacha kutazama wadakaji yanaanza kumtazama yule anayekuja.

Kumbukeni Super Bowl ya Februari 2022 dhidi ya Rams. Tulipigwa 23 kwa 20, Burrow akaangushwa mara saba. Mchezo wa mwisho kabisa, tulihitaji yadi moja tu, Aaron Donald alipita katikati akamshika na kumzungusha, mpira ukaanguka chini na ndoto ikaishia pale. Ulikuwa ni upenyo wa katikati.

Sasa angalieni tulio nao. Takeli wa kushoto Orlando Brown Jr. alicheza msimu huu akiwa ameumia mguu, akipona ni mtu wa kutegemewa. Kulia Amarius Mims, tuliyemchukua raundi ya kwanza mwaka jana, bado kijana na anakua kila mwezi. Senta Ted Karras anajua kazi yake. Shida imekaa kwa gadi wawili, Cordell Volson na Alex Cappa. Nawaheshimu kwa sababu najua kazi hiyo ilivyo ngumu, namuona mwanangu akirudi nyumbani vidole vimevimba na hakuna aliyelitaja jina lake uwanjani. Ila kwa kiwango cha klabu inayotaka kombe, nafasi hizo mbili zinahitaji watu wapya. Hiyo ndiyo sentensi ningemwambia Tobin.

---

Lubumbashi_Detroit

Kaka, mwaka 2021 mashabiki wa Cincinnati mlilia mchukuliwe Penei Sewell, takeli. Klabu ikamchukua Chase namba 5, rafiki wa Burrow tangu chuoni LSU, na mwaka huo huo mkafika Super Bowl. Sisi Detroit tukamwokota Sewell namba 7. Kila upande umefurahi. Lakini sisi sasa tunakimbia na mpira tunavyotaka, na kwotabeki wetu anasimama kama mtu aliye kwenye baraza ya nyumba yake.

---

Mzee_wa_Indy

Vijana, salaam. Nimekaa Indianapolis muda mrefu na ningependa mlisikie hili kabla hamjaendelea na hesabu za pasi na pointi.

Tulikuwa na Andrew Luck. Alikuja 2012 kama chaguo la kwanza la drafti, kijana mwenye kila kitu. Klabu ikamzungushia wadakaji na wakimbiaji, na safu ya mbele ikawa jambo la mwakani, kila mwaka. Luck akawa anaangushwa, anainuka, anampongeza hata aliyemwangusha. Mwaka 2015 figo ilichanika. Msimu wa 2017 wote hakucheza kwa sababu ya bega. Ndipo 2018 klabu ikaamka: ikamchukua gadi Quenton Nelson namba 6, na Braden Smith raundi ya pili. Mwaka huo Luck aliangushwa mara 18 tu kwa msimu mzima. Tukashangilia, tukasema sasa tumepata dawa.

Agosti 2019 akatangaza kustaafu. Miaka 29. Safu ilipokamilika mwili ulikuwa umeshachoka na maumivu.

Ndugu yetu Nyati anasema kwa kila pasi Burrow yuko salama zaidi kuliko 2021. Hesabu hiyo siipingi. Ila mwili unakusanya kila kipigo, hauanzi upya kila Septemba. Kijana ameshapasuliwa goti na kifundo cha mkono. Mnaulizana kama safu imekuwa bora kuliko ile mbovu ya zamani. Mimi nawauliza kama inatosha kwa mtu aliyepitia hayo yote.

---

Nyati_wa_Columbus

Mzee shikamoo. Hilo la Luck limenigusa, siwezi kubisha. Bado nasema tusitumie namba 17 kwa gadi. Gadi wazuri wanapatikana chini. Ulinzi wetu ukikosa mtu wa kiwango cha raundi ya kwanza, tutarudi hapa mwakani.

---

Kipepeo_KC

Naona mnakaribia kukubaliana bila kujua. Mimi ni wa Kansas City, na kwetu jambo hili limetokea mara mbili, mara moja kwa furaha na mara moja kwa machungu ya wiki hii.

Februari 2021 Tampa Bay walitupiga 31 kwa 9 kwenye Super Bowl. Takeli wetu wote wawili walikuwa majeruhi na Patrick Mahomes alikimbia usiku kucha. Klabu haikungoja. Ndani ya miezi michache walimnunua gadi Joe Thuney kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 80, wakabadilishana na Baltimore kumpata Orlando Brown Jr., huyu huyu mliye naye ninyi leo, wakamchukua senta Creed Humphrey chaguo la 63 na gadi Trey Smith chaguo la 226. Rudia kusoma hizo namba mbili za mwisho. Wanaume wawili wa katikati, wa kiwango cha juu kabisa, na hakuna hata mmoja wa raundi ya kwanza. Miaka miwili baadaye kwenye Super Bowl tulikutana na Eagles wa Philadelphia waliokuwa wameangusha makwotabeki mara 70 msimu ule, na Mahomes hakuangushwa hata mara moja. Kombe likaja.

Sasa Super Bowl ya wiki hii, Eagles tena. Tulikosa takeli wa kushoto, tukamhamisha Thuney kutoka nafasi yake ya gadi kwenda kuziba. Eagles walileta wavamizi wanne tu, hawakuongeza mtu, na Mahomes akaangushwa mara sita. 40 kwa 22. Ukivamiwa na wanne, walinzi saba wanabaki nyuma kukabili wadakaji wako, hata uwe na Chase wawili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Bengals: gadi mmoja anunuliwe Machi, mtu mzima aliyethibitika. Mwingine atoke raundi ya pili, ya tatu au ya nne. Namba 17 muwape ulinzi. Mkijaribu kununua watu watatu kwa mkupuo kama 2022, mkumbuke ilivyokwisha. Cappa, Karras na La'el Collins walikuja pamoja, Burrow akatulia, halafu Collins akaumia goti Desemba, Cappa na Jonah Williams wakaumia, na mlipokuja kwetu Januari 2023 mlikuwa na akiba watatu mbele. Mlipigwa 23 kwa 20. Nakiri mlitutia hofu hata hivyo. Kosa halikuwa kuwanunua wale. Kosa lilikuwa benchi tupu.

---

Mama_Daniel

Kipepeo umesema kweli kuhusu benchi. Naongeza jambo moja ambalo watu hawalipi uzito: kocha wa safu. Frank Pollack ameondoka, Scott Peters ameingia. Watu watano hawa wanafanya kazi kwa kusikilizana. Gadi anamkabidhi senta mtu wake bila kuongea, kwa kugusana bega tu, na hilo linajengwa kwa mazoezi ya miezi. Eagles walimchukua Jordan Mailata raundi ya saba, kijana wa Australia aliyetoka kwenye raga na hajawahi kucheza mchezo huu, wakamkalisha na kocha Jeff Stoutland mpaka akawa takeli wa kushoto wa mabingwa. Mwaka jana wakamleta Mekhi Becton, takeli aliyekuwa amekwama New York, wakamgeuza gadi. Mtu sahihi mikononi mwa mwalimu sahihi. Kwa hiyo wakileta gadi wapya, waletwe mapema, wawe na Peters tangu mazoezi ya Aprili.

---

Mtanga_Cincinnati

Mama, Mzee, wakuu wote, shukrani sana. Nimewasomea mashemeji uzi wote tukiwa mezani. Shemeji mkubwa alinyamaza pale kwa Luck. Mdogo akasema sawa, namba 17 ikienda kwa ulinzi yeye hana tatizo na gadi wawili.

Kinachonipa wasiwasi ni pesa. Burrow mwenyewe ameomba hadharani Chase, mdakaji mwenzake Tee Higgins na Hendrickson wabaki. Familia ya Brown, wenye klabu, haijulikani kwa kumwaga pesa. Wakiwalipa hao watatu, gadi wa Machi atalipwa na nini?

---

Kipepeo_KC

Kikomo cha mishahara ambacho ligi huwekea kila klabu hupanda karibu kila mwaka, na mkataba mkubwa hugawanywa miaka ya mbele. Nafasi ipo kama nia ipo. Wakimwacha Cappa, ambaye mkataba wake una mwaka mmoja tu umebaki, sehemu ya pesa ya gadi mpya inapatikana pale pale. Kama kuna mmoja wa kuachwa kati ya wale watatu, sikushauri, lakini usikubali waseme gadi ndiye aliyekosa bajeti. Gadi mzuri analipwa chini sana ya mdakaji mzuri.

---

Nyati_wa_Columbus

Na kuhusu tiketi: kama mnaweza kuvuta siku, soko la wachezaji waliomaliza mikataba linafunguliwa rasmi Machi 12. Wakisaini gadi wa maana wiki ile, lipeni siku hiyo hiyo. Wakikaa kimya mpaka drafti ya mwisho wa Aprili, nendeni mechi moja moja.

---

Mzee_wa_Indy

Mimi ningelipa. Burrow yuko uwanjani sasa, ana nguvu sasa. Nendeni mkamwone, na mkiwa pale pigeni kelele kwa wale watano wa mbele.

---

Mtanga_Cincinnati

Tumekubaliana tusubiri Machi 12. Nitarudi kwenye uzi huu kuwaambia nani amesaini.