Maboga ya kupaka rangi kwa ajili ya kibaraza: halisi au bandia?

MamaNeema
Habari zenu wanajukwaa. Jumamosi hii nakwenda kununua maboga ya kupamba nyumba kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya Oktoba 31 ambapo watoto hupita nyumba kwa nyumba kupewa peremende, na safari hii wanangu hawataki ya kuchonga kwa kisu, wanataka kuyapaka rangi. Nimebaki njia panda: ninunue maboga halisi ya shambani, au yale bandia ya povu, ambayo ni ghali zaidi lakini yanaweza kuhifadhiwa na kutumika tena mwakani? Na rangi ipi inashika vizuri?

FundiRangi
Dada, umetupa swali nusu. Unaishi mji gani, maboga yatakaa ndani au nje, unataka yadumu mpaka lini, na watoto wana umri gani? Boga lililo chini ya paa na boga linalonyeshewa mvua haliwezi kupewa ushauri mmoja.

MkulimaUghaibuni
Mimi nasema boga halisi, hata kabla ya kusikia majibu hayo. Boga ambalo halijatobolewa hudumu wiki nyingi mahali pakavu penye ubaridi, ilhali lililochongwa huanza kunywea na kuota ukungu baada ya siku chache tu, kwa sababu nyama yake imeachwa wazi. Chagua lenye ganda gumu lisiloingia ukucha na lenye kikonyo kizima, wala usilinyanyue kwa kushika kikonyo, kwani kikivunjika uozo huanzia hapo. Kabla ya kupaka, lifute kwa maji yenye jiki kidogo, kisha likauke kabisa.

BintiWaPwani
Naomba nieleze yaliyonipata mwaka juzi, ili dada yangu asiyarudie. Nilinunua maboga matatu ya povu jeupe, povu lile lile linalofungiwa televisheni ndani ya boksi, pamoja na kopo la rangi ya dhahabu ya kupuliza. Niliyapanga juu ya magazeti kwenye gereji, nikapuliza la kwanza, na sekunde chache baadaye nikaona uso wake unabonyea na kutoboka kama sukari iliyomwagiwa maji. Nilidhani nimepuliza kwa karibu mno, nikasogea nyuma na kupuliza la pili, nalo likaharibika vilevile. Kumbe viyeyushi vilivyomo katika rangi nyingi za kupuliza hula povu la aina hiyo. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni ameshika brashi yake, akalia, kwa kuwa la pili nilikuwa nimemwahidi yeye. La tatu tulilipaka rangi ya akriliki inayochanganywa na maji, na hadi leo ni zima. Kwa hiyo sikatai boga bandia, ila rangi ya kupuliza na povu jeupe msivikutanishe.

MzeeWaUjiji
Wanangu, mimi linaniuma jambo moja. Boga ni chakula. Kwetu hupikwa kwa nazi likawekwa mezani pamoja na chai, na hapa mnalipaka rangi halafu mnalitupa. Hamlioni hilo?

MkulimaUghaibuni
Shikamoo Mzee. Uchungu wako nauelewa, lakini yale makubwa ya mapambo yamechaguliwa kwa umbo na rangi ya ganda, na nyama yake ina maji mengi na nyuzinyuzi. Ya kupika ni madogo na matamu, na huuzwa kando. Ila nakubaliana nawe kwamba lililokwisha kupakwa lisipikwe wala lisitupiwe mifugo.

MzeeWaUjiji
Marahaba. Hata hivyo lenye maji mengi nalo huliwa, tena mbegu zake hukaangwa. Sijashawishika.

MamaNeema
Nisameheni kwa kuchelewa. Tuko Des Moines, Iowa. Watoto wana miaka 4 na 7. Kibaraza chetu hakina paa, na ningependa mapambo yabaki mpaka Thanksgiving, yaani Alhamisi ya nne ya Novemba. Nilisahau pia kusema kwamba kindi wa mtaani kwetu walikula boga letu la mwaka jana.

FundiRangi
Ungeanza na hayo, dada! Kwenye mvua, rangi za watoto zinazofulika zitachuruzika zote, hivyo unahitaji akriliki, ukitanguliza mkono mmoja wa rangi nyeupe ili chungwa la ganda lisijitokeze. Mtoto wa miaka 4 mvalishe nguo kuukuu, kwa sababu akriliki ikikauka kwenye kitambaa haitoki. Tatizo kubwa ni baridi ya Novemba: boga likiganda usiku na kuyeyuka mchana, hulainika na kuporomoka. Kwa hali yako ningechukua bandia, nikatoboa chini na kutia mchanga ili upepo usilibebe.

MkulimaUghaibuni
Au anunue halisi na kuliingiza ndani usiku wa baridi kali.

BintiWaPwani
Kaka, nani atabeba maboga kila usiku akiwa na watoto wawili wa kulaza?

Nasra_Toronto
Lolote mtakalochagua, moja lipakeni buluu inayoelekea kijani. Tangu 2014 FARE, shirika la Marekani linaloshughulikia mzio wa vyakula, limeieneza kama alama ya nyumba inayowagawia watoto wa Halloween vitu visivyoliwa badala ya peremende, kama penseli na vibandiko. Mwanangu ana mzio wa karanga, na akiliona boga la rangi hiyo mlangoni hukimbia mbele yangu.

MamaNeema
Hilo la buluu nitalifanya kwa hakika, tena Neema ndiye atakayelipaka. Kwa yale mengine bado nasitasita, kwa kuwa mdogo wake anataka kwenda shambani kulichagua boga mwenyewe. Kaka Mkulima, huko mashambani huuza kwa uzito au kwa boga zima?