Ushauri wakuu: daktari anataka kupanua mzizi wa aota ya mdogo wangu, nikubali?

Kaka_Mkubwa: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu valvu ya aota (mlango wa moyo unaopitisha damu kwenda kwenye aota, mshipa mkuu) imebana, chanzo ni ile homa ya baridi yabisi ya utotoni, kapangiwa upasuaji wa kuibadilisha. Sasa daktari anasema njia ni nyembamba itaingia valvu namba 19 tu (upana wake kwa milimita), anataka auchane mzizi wa aota ashone kiraka ili iingie 21 au 23. Mi naona ni kuongeza tatizo juu ya tatizo. Kuna aliyepitia hii? Usingizi sipati.

Mama Kulwa: Pole kaka. Mume wangu ana valvu ya chuma, usiku kukiwa kimya naisikia inagonga kama saa ya ukutani, nimezoea mpaka akisafiri silali vizuri. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, INR (kipimo cha damu kuganda) anapima, mchicha kwa kiasi. Mtangulize Mungu.

Toroli_Kariakoo: Kiraka kwenye moyo?? Nilijua viraka ni vya baiskeli. Bima inalipa lakini?

Nesi_wa_Zamu: Kiraka si kigeni, daktari mpasuaji Nicks alishaeleza njia yake mwaka 1970, wanatumia utando wa moyo wa ng'ombe au kitambaa cha Dacron. Valvu ndogo kwenye mwili mkubwa maana yake umepasuliwa na moyo bado unasukuma kwa tabu. Ni kweli moyo unasimamishwa muda mrefu zaidi na pale palipochanwa panaweza kuvuja, kwa hiyo muulize daktari ameshazifanya ngapi. Mgonjwa ana miaka mingapi? Wa kike au wa kiume?

Kaka_Mkubwa: Miaka haibadilishi kitu mkuu, nimeuliza kuhusu kupanua.

Nesi_wa_Zamu: Inabadilisha kila kitu. Jibu.

Kaka_Mkubwa: Haya. Wa kike, 26, kilo 71, mahari tumeshapokea na anataka watoto. Ila familia tumeshakaa tukaamua ya chuma, 19, bila kupanua, daktari nimeshamwambia. Chuma inadumu, valvu ya tishu ya ng'ombe itachakaa arudi tena kuchanwa kifua.

Nesi_wa_Zamu: Warfarini inamfikia mtoto tumboni, miezi mitatu ya mwanzo ndio hatari zaidi, na akiiacha damu inaganda kwenye chuma. Ya ng'ombe kweli kwa kijana inachakaa mapema, ila ikichakaa kuna wanaowekewa mpya ndani ya ile ya zamani kupitia mshipa wa paja, sasa ndani ya 19 utaipenyeza wapi? Ndio faida ya kupanua mapema.

Bi Zuhura: "Tumeamua" nyie, mwenye kifua chake anasemaje?

Mtoto_wa_Tandale: Hii chai. ID imefunguliwa leo, kaka gani anajua kilo za dada yake, subirini namba ya kuchangia.

Toroli_Kariakoo: Hata mimi nilishtuka hapo kwenye kilo 🤔

Kaka_Mkubwa: Kilo zimeandikwa kwenye karatasi ya eko (kipimo cha picha ya moyo) ninayo mkononi. Kuna mtu nimemuomba senti? Binti analala amekaa, mito mitatu mgongoni, juzi kaanguka akianika nguo. Kama ni chai kunywa wewe.

Mama Kulwa: Tuacheni kumuumiza mwenzetu jamani.

Kaka_Mkubwa: Bi Zuhura, nimempa simu asome. Kasoma yote kanyamaza, halafu kasema ya ng'ombe, apanuliwe, na kliniki ijayo anaingia yeye kuongea na daktari mimi nikae nje kwenye benchi. Nesi, anauliza akae muda gani baada ya upasuaji ndio abebe mimba?