Mizizi ya avoka mu parseli: nilime ao niache?

wa_Ibanda
Jambo yenu wote. Huku kwetu Ibanda, mu Bukavu, tuko na muti mukubwa ya avoka, baba mukwe marehemu njo aliipandaga, na bado inazaa sana. Sasa nataka kulima lengalenga (muchicha) na vitunguu chini yake mbele mvua ya mwezi wa 9 ianze, lakini kila nikipiga jembe nakuta mizizi, ingine kama uzi ingine kama kidole gumba, na moja jembe imeshaipasua. Mama mukwe ameona, tangu asubuyi anasema muti itakauka. Ni kweli ao ananiogopesha tu?

mulimaji_Bagira
Muambie mama atulie, mzizi moja ya kidole haiuwe muti mukubwa. Shida ni ile ya uzi unayoizarau, ile njo inakunywa maji na chakula, na kwa avoka mingi iko juu juu, kama sentimita 20 za kwanza. Ukipitisha jembe chini ya kivuli yote, majani itakuwa njano na matunda itaanguka ingali ndogo.

PapaKadutu
Bana munaogopa bure, mimi nalimaga chini ya muembe kila mwaka na maembe tunakula mpaka tunagawia majirani

mulimaji_Bagira
Papa, heshima yako, lakini muembe inashukisha mzizi mbali sana chini, avoka hapana. Huwezi kuzilinganisha.

mama_lengalenga
Na mimi niulize, lengalenga chini ya avoka itapata jua wapi?? Itakuwa vijiti tu. Peleka shamba inje ya kivuli, ao jaza udongo mu magunia uyapange kwa ukuta kwenye jua inapiga, na hata hapo inje ya kivuli lima polepole sababu mizizi inafikaga mbali kupita matawi.

wa_Ibanda
Nilifikiri kuleta udongo ingine nimwange juu ya mizizi, nipande pale pale bila kuchimba?

mulimaji_Bagira
Apana! Utaizibia hewa, na maji ikisimama pale mizizi inaoza, avoka haipendi kabisa maji ya kusimama. Tena mizizi minene usiiguse karibu na shina: pima unene wa shina, hesabu mara 5, ndani ya hapo usikate kitu, ile njo inasimamisha muti. Parseli yako iko pa mulima?

wa_Ibanda
Ndiyo, na nyumba ya jirani iko pale chini yetu.

mulimaji_Bagira
Basi zaidi sana. Unajua vile udongo ya Bukavu inashukaga mvua ikichapa, ile mizizi inakushikia na parseli.

wa_Ibanda
Sawa, magunia basi. Na ile yenye ilipasuka niiache vile?

mama_lengalenga
Usiache nyuzi nyuzi. Kata safi na sekateri (makasi ya kukatia matawi) ya kali, nyuma ya pale ilipasuka, upande wa shina, usipake kitu, rudisha udongo leo leo mbele mzizi ikauke. Na umuite mama mukwe aone.