Maktaba imefuta vitabu vya historia ya wanawake, wasanii wanavimalizia kwa gundi

Wakuu, leo sisemi na upande mmoja.

Maktaba kwanza. Nafasi ikibana, rafu ya 305.4, ile ya wanawake, ndiyo ya kupunguzwa, eti vitabu vyake "haviazimwi". Haviazimwi vipi wakati vingi vimegongwa muhuri wa kusomea ndani? Mtu anakisoma masaa matatu, anakiacha mezani, karatasi ya tarehe za kuazima inabaki nyeupe. Anayetaka ukweli ahesabu vinavyoachwa mezani kila jioni kwa miezi mitatu. Badala yake vinafutwa kwenye usajili na kuuzwa kwa kilo, vinaishia kufungia karanga. Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini akaachiwa 1972, ana barabara kubwa hapa mjini. Ukitaka kusoma habari zake unaambiwa katafute mtandaoni.

Halafu nyie wasanii mnaovinunua mkatengeneza "gauni la kurasa". Hoja yenu naiunga mkono, kazi ni mbovu. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka hairudi nyuma, kurasa ndiyo basi tena. Mkizirundika zikiwa mbichi katikati, kwa joto na unyevu wa Dar, ukungu unaota ndani kwa ndani. Kitabu kimeuawa mara mbili.

Kabla ya mkasi, soma namba ya usajili, kisha ulizia nakala nyingine kwenye maktaba za vyuo. Ikikosekana, usikate! Piga picha kila ukurasa, kitabu kikiwa kimeegemezwa pande zote mbili na kufunguliwa nyuzi 90 hadi 120. Ukikilaza bapa mgongo unapasuka. Vya kukata vipo: mfuko wa kadi ya kuazima, kadi yenyewe, karatasi ya tarehe, jalada lililokwisha. Tena muhuri wa kufutwa unasema mengi kuliko gauni lolote. Bandika kwa uji wa wanga wa ngano, kipimo kimoja kwa maji manne au matano, uchemke hadi ung'ae, uchujwe, upakwe mwembamba. Ukilowa unabanduka. (Mende wanaupenda, kwa hiyo kazi isigusane na ukuta.)

Au acheni karatasi kabisa. Kanga ina pindo, mji na jina. Pale pa jina chapisheni jina la kitabu kilichofutwa, na kwenye mji namba yake ya rafu. Doti moja, vitabu viwili, na hakuna ukurasa uliochanika.

Mwenye orodha ya vilivyouzwa mwaka huu aitupie hapa. Hata picha ya simu inatosha.