Ushauri: Kiwanja kilichokuwa gereji kando ya mto, tunataka kukifanya bustani

BintiBondeni
Wakuu, habari za jioni. Mtaani kwetu hapa Dar, bondeni, kuna kiwanja kilichokuwa gereji, na nyuma yake watu walikuwa wakiyeyusha betri mbovu. Wote wameshahama na mtaa umekiruhusu kikundi chetu cha akina mama na vijana tukitumie. Tunataka miti ya kivuli, sehemu ya watoto kucheza, na mchicha na matembele ya kuuza. Udongo wa upande wa juu ni mweusi, ukiushika unateleza mkononi. Mvua ikinyesha, maji yanatoka pale na utando wa rangi rangi hadi mtoni. Mtu katuambia tumwage kifusi, tupande, yaishe. Naombeni ushauri, watoto wameshaanza kucheza humo.

Mkunazi
Dada, watoto watoke humo leo hii. Oili unaiona, lakini risasi ya betri (ile metali yenye sumu, lead) huioni wala huinusi, na mtoto anaimeza kupitia vumbi la mikononi. Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia na udongo usafishwe. Mchicha sahau kabisa kwenye udongo huo.

FundiUdongo
Kabla ya jembe, pimeni. Chukueni udongo wa juu sehemu mbalimbali, na ule wa palipovunjiwa betri uwe kwenye mfuko wake, msiuchanganye na mwingine. Pelekeni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au SUA (chuo kikuu cha kilimo, Morogoro), ombeni wapime risasi. Halafu muone NEMC, baraza la mazingira la taifa: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ruhusa ya mtaa peke yake haitoshi.

Mchoraji_Mandhari
Hapo mna magonjwa mawili, na dawa zake ni tofauti.

Oili huliwa na bakteria wakipata hewa na chakula. Seattle, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe kilichofungwa 1956. Msanifu Richard Haag hakuuhamisha udongo wote. Mwingi aliulima na kuuchanganya na tope la majitaka na vumbi la mbao ili vijidudu vifanye kazi, na bustani ikafunguliwa 1975. Miaka iliyofuata uchafu ulionekana tena na kazi ikaendelea, kwa hiyo mjipange kwa safari ndefu.

Risasi hailiwi na chochote. Inaondolewa na wataalamu au inafungiwa. Duisburg, Ujerumani, Peter Latz alifungia udongo mbaya zaidi wa kiwanda cha chuma ndani ya maghala ya zege yaliyokuwapo palepale.

Kifusi kitupu hakizuii maji, na hapo ndipo penye kazi yenu kubwa. Juu ya kiwanja chimbeni mtaro wa kukinga mvua ya majirani isipite kwenye uchafu. Kwenye mteremko pandeni nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko, mizizi yake inashika udongo usiende mtoni. Chini kabisa wekeni kidimbwi cha kina kifupi chenye matete, maji yatulie na tope lizame kabla hayajatoka.

WaBamburi
Salamu kutoka Mombasa. Huku René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mwamba mtupu na maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26, zikashika 3, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake hayakuoza, mpaka alipoleta majongoo wakayala na kutengeneza udongo. Sumu kama yenu haikuwapo, lakini jaribuni miche michache ya kila aina kabla ya kununua mingi.

BintiBondeni
Asanteni sana jamani. Matete yakikua, wenye mbuzi wakate? Na kipato cha kikundi je?

Mchoraji_Mandhari
Mbuzi hapana, na msiyachome. Yakikatwa yahesabiwe ni taka hatari, muulizeni NEMC pa kuyapeleka. Kwa kipato, oteni miche ya maua na matunda kwenye viriba, udongo mnunue nje, kitalu kiwe juu ya sakafu ya zege ya gereji kama bado ipo nzima. Ioshwe kwanza, na maji ya kuoshea yasielekee mtoni.

BintiBondeni
Sakafu ipo, ina ufa mmoja tu. Kesho tunaanza na uzio wa kuzuia watoto, sampuli zitafuata.

FundiUdongo
Ufa uzibeni kwa saruji kabla ya kuosha. Majibu ya maabara yakitoka yaweke hapa tuyasome pamoja.