Kikundi cha familia: stata na klachi ya Hilux ya Marangu

Baba Mdogo, Marangu: Habari za asubuhi, wanangu. Naandika kuhusu ile pikapu yetu ya Hilux ya dizeli. Tangu gia boksi iliposhushwa ili kubadilisha sahani ya klachi, stata inazunguka kwa uzito, na hata injini ikiwaka gia haziingii vizuri. Rivasi ndiyo inayokwaruza zaidi. Fundi amesema ninunue betri mpya pamoja na seti nzima ya klachi, yaani sahani, preshapleti na beringi yake, kisha gia boksi ishushwe tena. Mikungu ya ndizi imekwisha kukatwa na inasubiri kwenda sokoni, kwa hiyo naomba tuchangiane.

Shangazi, Njiro: Pole sana, mdogo wangu. Nitatuma mchango wangu leo jioni.

Kaka, Arusha: Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Shangazi. Mimi naona tumsikilize fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliona gari. Barabara ya kutoka Marangu kwenda Himo ni mteremko mrefu, na gari lenye klachi isiyoeleweka halifai kupita huko likiwa na mzigo.

Dada, Pasua: Shikamooni wazazi wangu. Kaka, ni kweli kabisa kwamba gari lisiteremke likiwa katika hali hiyo. Hata hivyo naomba tusinunue chochote mpaka tupime, kwa sababu dalili alizozieleza Baba Mdogo zimeanza zote mbili baada ya gia boksi kushushwa, na kazi hiyo hugusa waya na mabomba ambayo ni rahisi kusahaulika wakati wa kurudishia. Baba Mdogo, unapogeuza ufunguo, taa za mbele zinafifia sana au zinabaki na mwanga wake?

Baba Mdogo, Marangu: Marahaba, mwanangu. Taa zinabaki na mwanga, zinapungua kidogo tu.

Dada, Pasua: Basi betri siishuku sana. Betri iliyochoka ikibebeshwa stata ya dizeli hushuka volti kwa kiasi kikubwa, na taa hufifia pamoja nayo. Taa zikibaki na mwanga huku stata ikivuta kwa shida, maana yake umeme upo lakini njia ya kufika kwenye stata, au ya kurudi kwenye betri, imebanwa. Katika magari mengi njia ya kurudi ni waya mnene wa ethi unaounganisha injini au gia boksi na chasisi, na mara nyingi waya huo hufungwa kwenye mojawapo ya bolti zinazofunguliwa gia boksi inaposhushwa.

Mdogo wetu, Himo: Dada, nilikuwa na Baba juzi tukiwasha gari, na niligusa kebo ya akseleta nikakuta ina joto lisilo la kawaida ingawa injini ilikuwa bado baridi. Sikuelewa sababu yake.

Dada, Pasua: Asante sana kwa kulitaja hilo, kwa maana linakaribia kumaliza ubishi. Umeme wa stata ukikosa waya wa ethi hutafuta chuma chochote kinachounganisha injini na bodi, na kebo ya akseleta ni mojawapo. Stata ya dizeli inaweza kuvuta zaidi ya ampia 200, na kebo ile nyembamba haikutengenezwa kwa mzigo huo. Ikiendelea hivyo, plastiki yake huyeyuka na inaweza kuanzisha moto. Tafadhali msiendelee kujaribu kuwasha. Kwanza chukueni waya mnene wa kubustia betri, mfunge upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na mikanda, gia ikiwa huru na breki ya mkono ikiwa imevutwa, kisha mgeuze ufunguo. Stata ikizunguka kwa nguvu, kosa ni la ethi. Kama mna mita, pimeni pia volti kati ya hasi ya betri na injini kabla ya kufunga waya huo, stata ikiwa inazunguka kwa sekunde chache tu. Ethi nzima haipotezi zaidi ya sehemu ndogo ya volti moja.

Kaka, Arusha: Na klachi? Hiyo haihusiani na ethi.

Dada, Pasua: Haihusiani, umesema kweli, ila nayo inapimika bila kushusha kitu. Baba Mdogo, ukikanyaga pedali mara kadhaa mfululizo kwa haraka, gia zinaingia kwa urahisi zaidi?

Baba Mdogo, Marangu: Zinaingia, hata rivasi. Nikikaa kidogo tatizo linarudi.

Dada, Pasua: Sahani mbovu au preshapleti iliyopinda haiponi kwa kukanyaga pedali mara nyingi. Kinachopona kwa namna hiyo ni mfumo wa mafuta ya breki unaopeleka nguvu ya pedali kwenye klachi, ukiwa umeingia upepo au unavuja, kwa sababu upepo hubonyea badala ya kusukuma, kwa hiyo silinda ya chini, ile iliyo kwenye gia boksi, haisogezi uma, yaani mkono unaoiachisha klachi, kwa umbali wa kutosha na klachi haiachii kikamilifu. Rivasi hulalamika kwanza kwa kuwa katika gia boksi nyingi za zamani haina sinkronaiza ya kusawazisha mzunguko, hivyo sahani ikiendelea kuzunguka hata kidogo, meno hukwaruzana. Kama klachi ingekuwa inateleza, ungeona kinyume chake: gia zingeingia, lakini kwenye mlima injini ingenguruma na gari lisiongeze mwendo. Naomba mfunue mpira wa vumbi wa silinda ya chini, kisha muangalie pia sehemu ya juu ya pedali ndani ya kebini, iliko silinda ya juu, mniambie kama kuna unyevu.

Shangazi, Njiro: Mwanangu, nakushukuru kwa kueleza kwa utaratibu. Mchango nitautuma, lakini usitumike mpaka majibu yapatikane.

Mdogo wetu, Himo: Tumemaliza kupima. Kati ya hasi ya betri na injini mita ilionyesha volti 2.8 stata ikizunguka. Tulipofunga waya wa kubustia, injini iliwaka papo hapo. Nimeingia uvunguni nikakuta waya wa ethi unaning'inia, haukufungwa tena kwenye gia boksi. Silinda ya chini imelowa ndani ya mpira wa vumbi. Juu ya pedali pamekauka.

Baba Mdogo, Marangu: Namshukuru Mungu. Nimebaki nikifikiria fedha ambazo zingekwenda.

Dada, Pasua: Safisheni kwa msasa mahali pa kufungia waya mpaka chuma kitupu kionekane, mkaze bolti, kisha mpake grisi juu yake ili kutu isirudi. Kwa klachi nunueni seti ya mipira ya silinda ya chini na mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Msiweke mafuta ya injini hata kwa dharura, kwani huvimbisha mipira. Mkitoa upepo, mmoja akanyage pedali na kuishikilia, mwingine afungue nipeli, yaani skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini, yenye bomba lililozamishwa kwenye mafuta, aifunge kabla pedali haijaachiwa, na chombo cha juu cha kuwekea mafuta hayo kisikauke. Mafuta yakimwagikia rangi, yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Kaka, Arusha: Mdogo wangu, nimekubali. Je, betri ibaki ile ile?

Dada, Pasua: Ibaki kwa sasa. Alteneta, yaani mtambo unaochaji betri, imefungwa kwenye injini na umeme wake hurudi kwa njia ile ile, kwa hiyo huenda betri imekuwa haichajiwi sawasawa. Injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa, pimeni kwenye betri. Volti ziwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi.

Mdogo wetu, Himo: Mipira imebadilishwa na upepo umetolewa. Rivasi inaingia bila sauti. Volti ni 14.1 taa zikiwa zimewashwa.

Baba Mdogo, Marangu: Nimelijaribu hapa karibu na nyumbani, mlimani na mteremkoni, bila mzigo, na klachi inaachia vizuri. Kesho alfajiri tutapakia ndizi. Dada yangu wa Njiro, mchango wako nitaurudisha, isipokuwa gharama ya mipira na mafuta ya breki, kama hutaona vibaya.

Shangazi, Njiro: Usiurudishe. Nunua waya mpya wa ethi, kwa kuwa huo ulioning'inia nadhani umeanza kukatika.

Dada, Pasua: Shangazi amesema vema. Nitauchagua hapa Moshi uwe mnene wa kutosha, nao utakufikia kesho kutwa.