MJADALA: Kamati za harusi Mbeya zinachagua mpiga picha kwa jina la kamera, ni haki?

MwangazaWaUyole
Habari za leo wakuu. Hili suala limenikaa kooni wiki nzima naomba tuliongee. Nina miaka tisa napiga picha za harusi, Uyole, Mwanjelwa, hadi Mbalizi huko, na kazi zangu nyingi nimezifanya na Canon 5D Mark III niliyonunua mtumba 2017, lenzi ya 24-70 na ya 85. Juzi mwenyekiti wa kamati moja kanipigia, hela tumeshakubaliana, tarehe ipo, mwishoni ananiuliza "kaka unatumia kamera gani?" Namwambia. Akasema kama siyo mirolesi (hizi kamera mpya zisizo na kioo ndani) samahani tutatafuta mwingine, bwana harusi ameambiwa hizo zingine zimepitwa na wakati. Hajaomba kuona picha hata moja! Sasa bodi tupu bila lenzi ya R6 Mark II, mirolesi ya Canon, Kariakoo nimeambiwa inapita milioni sita, kikoba chetu kipo tayari kunikopesha. Ni haki kazi kupewa jina la kamera? Na mimi nikope au niache? Msinionee haya, semeni ukweli.

Kihesa_Klasiki
Kamwene mkuu. Nakujibu kutoka Iringa, kopa. Mimi nimehamia mirolesi ya Sony, A7 III, na sijawahi kujuta. Zamani napiga bibi harusi anatembea na baba yake, lenzi nimeifungua sana, f/1.8, nikifika nyumbani picha kumi, saba fokasi iko kwenye sikio. Sasa hivi kamera inashika jicho na haliachii mpaka anafika madhabahuni. Hiyo 5D III ni ya 2012, ipeleke Isimila ikakae na yale mawe ya kale watalii waje kuiona.

FundiWaSokomatola
Huyu wa Kihesa asitukane vyombo vya watu. Hizo 5D III ndo zinanilisha mimi, na siyo kwa sababu ni mbovu. Shata yake, lile pazia linalofunguka ukibofya, imepimwa kwa mibofyo laki moja na nusu, ikifika hapo unabadilisha shata maisha yanaendelea. Zinazokuja mezani kwangu zimekufa kwa unyevu. Mtu anapiga Rungwe asubuhi kwenye ukungu, anaingia ukumbini kwenye joto la watu mia tatu, lenzi inatoka jasho, anaifuta na shati, anaifungia kwenye begi mpaka Jumamosi ijayo. Baada ya miezi unaiangalia kwa tochi unaona nyuzi za fangasi kama utando wa buibui ndani ya kioo. Mirolesi ya milioni sita nayo italiwa na fangasi huyo huyo.

Kihesa_Klasiki
Sijatukana chombo cha mtu. Nimesema ukweli, na mwenye uzi kasema tusimwonee haya.

Mweka_Hazina
Mimi nimekaa kamati nne na nimeumia kusoma hapa kana kwamba sisi wanakamati hatuna akili. Sisi ndo tunaochangisha, tunaopigiwa simu saa nne usiku na wajomba. Sendofu ya mdogo wangu mpiga picha alikuja na kamera ya zamani yenye kadi moja ya kuhifadhia picha, kadi ikafa, hatuna picha ya mama akimvisha binti yake kitenge. HATUNA. Mama mwenyewe ameshatangulia mbele za haki. Kwa hiyo mkituona tunauliza kamera gani jueni kuna sababu. Hizi mpya zinaandika kadi mbili kwa wakati mmoja.

MwangazaWaUyole
Mkuu pole sana kwa hilo, kwa kweli. Ila 5D III ina sehemu mbili za kadi, moja CF moja SD, na mimi naandika zote mbili kila harusi. Mirolesi ya kwanza ya Canon ya fulfremu (sensa kubwa, saizi ya mkanda wa zamani), ile EOS R ya 2018, ina sehemu MOJA. Ungeniuliza "unaandika kadi ngapi" ningekujibu na ungenipa kazi. Ukiniuliza jina la kamera unaweza ukampata mwenye mirolesi halafu yakakukuta yale yale.

Mweka_Hazina
Sikujua hilo la EOS R. Lakini kamati ina watu kumi na tano, hatuwezi kusomea ufundi wa kamera kwa kila harusi. Jina ndo kitu tunachoweza kushika.

MtotoWaMakambako
Jamani kwani Canon si walishafunga DSLR zote, hizi kamera za kioo kama hiyo 5D III, walitangaza 2021 hawatengenezi tena? Kwa hiyo hata lenzi hutapata, hilo ndo la kumwambia ndugu yetu.

FundiWaSokomatola
Umesikia nusu. Desemba 2021 bosi wa Canon, Mitarai, alisema 1D X Mark III ndo itakuwa DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu kabisa. Na lenzi za EF, ndo hizo za DSLR za Canon, zipo sokoni tangu 1987, mitumba imejaa, halafu zinakaa kwenye hizo mirolesi za R kwa adapta na zinafanya kazi vizuri tu. Hata betri zake za LP-E6 zinaingia kwenye R6. Kwa hiyo jamaa akihama anahama bodi peke yake.

DadaTukuyu
Naomba niseme kitu kama mteja. Mnabishana kamera ya mwaka gani wakati shida yetu sisi ni kwamba mnatupaka unga. Kamera ya milioni sita halafu bibi harusi anatoka mweupe kuliko shela lake. Mimi nimeolewa 2022, mpiga picha alikuja na mirolesi mpya kabisa, mpaka mkanda wa begi bado unanukia dukani, na kwenye albamu nzima sipo.

Kihesa_Klasiki
Dada hapo umenigusa mimi moja kwa moja. Nani anaomba weupe? Ninyi! Mimi nina meseji kwenye simu "kaka naomba ning'arishe kidogo", "kaka nitoe hivi vidoa", "kaka mbona mimi mweusi kuliko wifi". Nikikuletea ulivyo unasema kamera yangu mbovu, unaenda kwa mwingine. Mimi nina watoto wawili Kihesa wanasoma, siwezi kubishana na mteja kuhusu rangi yake.

DadaTukuyu
Mimi SIKUOMBA. Usiniweke kwenye kundi la meseji zako.

MtotoWaMakambako
Lawama zingine ziende kwa wapambaji. Bibi harusi anapakwa poda ya rangi ya mtu mwingine, flashi ikipiga usoni uso unakuwa wa kijivu shingo ya kahawia. Mpiga picha afanyeje hapo?

DadaTukuyu
Poda yangu ilikuwa sawa, alinipaka dada yangu mwenyewe. Ngoja niwaambie kilichotokea muelewe nina hasira ya nini. Nina kovu juu ya nyusi ya kushoto, nilianguka na jembe nikiwa na miaka sita, kwenye migomba ya bibi. Bibi ndo alinibeba mgongoni mpaka hospitali kwenye matope. Nilipompelekea ile picha kubwa ya fremu akaishika, akaisogeza dirishani, akapitisha kidole juu ya jicho hivi, akakipitisha tena. Akaniuliza "kovu lako liko wapi?" Nikamwambia limefutwa. Akaniuliza kwa nini, sikuwa na jibu. Picha ile hadi leo imegeuzwa ukutani nyuma ya kabati. Nikampigia mpiga picha anipe ile halisi, akasema faili ghafi, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera, huwa anafuta baada ya mwezi mmoja apate nafasi. Sasa mniambie megapikseli zinanisaidia nini.

Mweka_Hazina
Dah.

MzeeWaMkanda
Wanangu nawasoma tangu asubuhi. Nimepiga picha Iringa mjini tangu enzi za mkanda wa picha 36, tunatuma kusafishwa Dar na basi, tunasubiri wiki mbili. Hiyo habari ya rangi ya mtu mweusi kutokutoka haikuanza na simu wala na hizo programu zenu. Maabara za Kodak miaka mingi zilikuwa zinapima rangi kwa kutumia picha ya mwanamke mzungu, kadi zenyewe wakaziita Shirley. Yeye akitoka vizuri basi mashine iko sawa. Mtu wetu anatoka meno na macho, uso mzima kama mkaa. Mimi nimewahi kumkabidhi baba wa Kilolo picha ya kipaimara ya watoto wake watatu, akaniuliza yupi ni yupi. Na walioifanya Kodak ihangaike kuboresha filamu kwa rangi za giza, wamo watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, bidhaa zao zilikuwa hazitoki vizuri kwenye matangazo. Siyo sisi tuliosikilizwa. Kwa hiyo binti wa Tukuyu ana haki ya kukasirika, na huyu wa Kihesa aache kumlaumu mteja, maana huyo mteja amekua akiona picha zake zimetoka giza maisha yake yote, ndo maana anaomba kung'arishwa.

DadaTukuyu
Shikamoo mzee wangu. Asante.

MzeeWaMkanda
Marahaba mwanangu.

Kihesa_Klasiki
Mzee shikamoo, nimekuelewa. Ila bado nasema sensa mpya, kile kidude cha kamera kinachopokea mwanga, inasaidia hapo hapo kwenye hilo mnaloliongelea, msinigeuze mimi kuwa adui wa weusi. Shela jeupe na uso wa kahawia kwenye jua la saa saba, 5D III ukivuta vivuli juu uso unatoka na chembechembe na mistari. Sony yangu navuta na ngozi inabaki ngozi.

MwangazaWaUyole
Hapo nakubaliana na wewe bila kinyongo, mistari ile naijua, imeninyima usingizi. Na gizani pia, 5D III fokasi yake inaishia EV -2 (kipimo cha mwanga, namba ikishuka ndo giza zaidi), R6 ya kwanza tu imeandikwa -6.5, kwenye ukumbi wenye taa za zambarau hiyo ni tofauti kubwa na siikatai. Lakini wakuu wengi uso unapotea kabla hatujafika kwenye sensa. Mita ya kamera inadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, ile asilimia 18. Shela likijaa kwenye fremu inaona mwanga umezidi, inapunguza, shela linakuwa kijivu na uso unazama. Nyumbani mtu anaona giza, anavuta mwanga wote juu, anaweka priseti, yaani mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari, aliyonunua mtandaoni iliyotengenezwa kwa ngozi ya Ulaya, halafu analainisha. Hapo ndo unga unapoingia. Mimi nikimpiga bibi harusi napima usoni, namtoa juani namweka kivulini karibu na ukuta mweupe urudishe mwanga, shela likiungua kidogo pembeni liungue. Nililijifunza hili kwa kuharibu picha za watu wawili watatu mwanzoni na nawaomba radhi popote walipo.

MtotoWaMakambako
Sasa hiyo ya kufuta faili ghafi mbona hamuijibu. Mwezi mmoja? Mimi naona huo ni wizi, picha ni ya mteja.

Kihesa_Klasiki
Wizi? Faili ghafi ni malighafi yangu, fundi seremala hakupi vumbi la mbao. Na harusi moja ni gigabaiti mia na zaidi, unajua diski kubwa inauzwaje?

FundiWaSokomatola
Fundi seremala hafuti kovu la mtu.

Mweka_Hazina
Diski inauzwa laki na kitu, kamera milioni sita. Mnapata za kamera mnakosa za diski? Kuanzia sasa kamati yetu itauliza maswali matatu tu, unaandika kadi ngapi, unatunza faili muda gani, na utuonyeshe harusi moja nzima toka asubuhi mpaka usiku, siyo zile picha kumi nzuri za Instagram. Wa Uyole nakuomba radhi kwa ile ya "kamera ya zamani". Yule mwenyekiti wako simjui lakini ningemjua ningempigia.

Kihesa_Klasiki
Harusi nzima kuonyesha sikatai. Faili ghafi sitoi. Ila kutunza mwaka mzima naweza, hilo nalikubali. Na dada wa Tukuyu, nilivyosema "ninyi" nilikosea, wewe hukuomba.

DadaTukuyu
Nimesikia kaka. Yameisha kwangu na wewe.

MwangazaWaUyole
Mimi kikoba nimewaambia wasubiri. Nikikopa mwakani nitakopa kwa ajili ya ile fokasi ya gizani, maana ukumbini inanisumbua kweli, na siyo kwa sababu mwenyekiti kasikia neno. Mwezi huu nanunua diski mbili, moja inakaa kwangu moja kwa kaka yangu Forest. Ile kazi nimemwandikia mwenyekiti nampelekea albamu nzima Ijumaa aione, akikataa amekataa.

Dada wa Tukuyu, ile faili ilishafutwa hairudi, hakuna fundi wa kuirudisha. Lakini Jumamosi nipo Kiwira kwa kazi nyingine, nikimaliza naweza kupanda mpaka kwenu nikupige wewe na bibi, kwenye hiyo migomba, mwanga wa jioni ukishalala. Bure. Kovu litakuwepo na ngozi itakuwa ya kwako.

DadaTukuyu
Kaka sijui niseme nini. Jumamosi bibi anakwenda sokoni anarudi amechoka. Njoo Jumapili wakishatoka ibadani, atakuwa amevaa kile kitenge chake cha bluu anachokipenda.

MwangazaWaUyole
Jumapili sawa, nitalala Kiwira. Mvua ikinyesha je?

DadaTukuyu
Itanyesha, huku ni Tukuyu. Kibarazani kuna mwanga wa kutosha. Flashi usije nayo, bibi haipendi.